Rangi za Kununua ili Askari Wako Mdogo Asipauke

Simama mbele ya Sanamu ya Askari pale Mtaa wa Samora, Dar es Salaam, saa sita mchana. Jua likiwa la utosi, macho yake yamezama gizani, chini ya kidevu ni kiza kitupu, na mwanga wote umetua mabegani na juu ya mikono. Shaba ile, iliyosimama hapo tangu 1927, ni kubwa kiasi cha kujitengenezea kivuli chake. Kijisanamu cha milimita 28 hakiwezi, maana pua yake haifiki hata milimita moja. Kivuli na mwanga lazima uvipake mwenyewe, na ndiyo maana uchaguzi wa rangi una uzito.

Mimi hupaka rangi vijisanamu vya askari wa Vita ya Kwanza ya Dunia huku kwetu, wa King's African Rifles (jeshi la Waingereza) na wenzao waliopigana upande wa Wajerumani. Maelekezo mengi ya kupaka ngozi yameandikwa kwa nyuso za Kizungu. Kwa hiyo nimezipanga rangi hizi kwa kipimo kimoja: ipi itakupa ngozi nyeusi yenye uhai na kaki yenye mikunjo?

Ya kwanza: akriliki za chupa za matone. Chaguo langu ni Vallejo Model Color kutoka Hispania. Chupa ina mdomo mwembamba, unahesabu matone, na mchanganyiko uliokupendeza leo unaupata tena wiki ijayo. Rangi yenyewe hukauka bila kung'aa, na brashi unaisafisha kwa maji.

Kwa ngozi nunua German Camouflage Black Brown, Flat Brown na Orange Brown. Ya kwanza ndiyo kivuli: ipake uso mzima, kisha ongeza Flat Brown kidogo kidogo kwenye paji, mashavu na mgongo wa pua, ukiacha matundu ya macho na chini ya mdomo. Malizia na mstari mwembamba wa Orange Brown juu ya shavu. Usiongeze nyeupe! Nilifanya hivyo kwenye kikosi changu cha kwanza, askari kumi na wawili, wote wakatoka wamepauka kama watu waliooga bila kujipaka mafuta. Ngozi yetu ikipigwa na mwanga huelekea kwenye wekundu na dhahabu, haielekei kwenye majivu.

Kwa kaki chukua English Uniform ya kivuli, Khaki ya kati, na Iraqi Sand ya kilele cha mikunjo. Chupa sita, kazi imeanza.

Ya pili: rangi ya mafuta ya tyubu. Kwa sanamu ya milimita 54 kwenda juu ningeiweka namba moja bila kusita. Inabaki mbichi kwa saa nyingi, kwa hiyo unagusisha kivuli na mwanga kwa brashi kavu mpaka mpaka kati yao utoweke. Tyubu moja ya Winton, mililita 37, itakutumikia miaka. Burnt umber na yellow ochre zinatosha kuanzia, pamoja na bluu nzito kidogo ya kutia kwenye vivuli vya ngozi. Umber ina manganizi, nayo huikausha haraka kuliko rangi nyingi za mafuta. Paka akriliki chini kwanza, iache ikauke kabisa, na uwe na tapentaini na dirisha wazi.

Ya tatu: woshi. Hii ni rangi nyepesi inayotiririkia kwenye mabonde ya nguo. Agrax Earthshade ya Citadel, ambayo ni ya kahawia, inaipenda sana kaki. Nuln Oil, ambayo ni nyeusi, iweke kwa bunduki na vyuma. Woshi yoyote ikituama kwenye goti inakauka na pete mbaya, kwa hiyo ifyonze mapema kwa brashi yenye unyevu. Inaleta kivuli tu, mwanga utautia mwenyewe.

Ya nne: rangi za mkono mmoja, yaani unapaka mara moja tu na kivuli na mwanga vinatokea pamoja, kama Contrast ya Citadel, iliyotoka 2019, au Speedpaint ya The Army Painter. Zinafaa kwa mwenye jeshi la watu mia. Ukichagua Speedpaint, hakikisha ni toleo la 2.0, kwa sababu lile la kwanza huyeyuka tena ukilipitishia rangi mbichi juu. Na praima, yaani rangi ya kwanza ya chini, iwe nyeupe: juu ya nyeusi hutaona kitu.

Ya mwisho: enameli, mfano Humbrol za vikopo vya mililita 14. Ni imara kweli, lakini zinachelewa kukauka, zinanuka, na kila hatua inadai tina ya kuyeyushia. Sizinunui tena.

Fedha inayobaki iende kwenye brashi. Namba 1 yenye ncha kali ya manyoya ya kolinsky, mnyama wa jamii ya kicheche, ni bora kuliko namba 000, kwa kuwa ile ndogo hubeba rangi kiduchu na hukauka kabla haijafika usoni.

Na vanishi nunua mbili. Isiyong'aa kabisa ni ya sare. Yenye mng'ao wa kadiri iguse kwenye paji, ncha ya pua na vifundo vya vidole tu. Askari aliyekuwa mbao ghafla anatoka jasho.