Westonbirt au Bryanston, jumba gani limefaa zaidi kuwa shule?

Haya majumba mawili ya Uingereza yote yaligeuzwa shule mwaka 1928, ila ukiyatazama hayafanani kabisa. Westonbirt, kule Gloucestershire, mbunifu wa majengo Vulliamy alimjengea tajiri Holford kuanzia 1863, mawe matupu, minara, manakshi kibao ya kuiga enzi za Elizabeth wa kwanza, halafu ndani kumbe wameweka taa za gesi na mfumo wa kupasha joto nyumba nzima, maana hela ilikuwepo bwana! Bryanston ya Dorset, kazi ya mbunifu Norman Shaw ya 1889 hadi 1894, ni matofali mekundu na mawe meupe ya chokaa ya Portland, imetulia. Kwa picha Westonbirt inaua, ila kwa shule nachukua Bryanston, ukitaka kuongeza jengo tofali linaungika, yale manakshi utayaiga kwa bajeti ipi?