Kupima oili ya injini: asubuhi ikiwa baridi au baada ya safari?

Mafundi wawili wa gereji moja watakujibu tofauti, na kila mmoja ana hoja.

Kwa usahihi, asubuhi ina faida kubwa: oili yote imeshuka usiku kucha kwenye sampo, yaani bakuli la oili chini ya injini. Ukizima injini na kuchomoa stiki ya kupimia oili papo hapo, sehemu ya oili bado iko juu, kipimo kitaonyesha pungufu, nawe utaongeza bila sababu. Oili ikizidi sana, krankishafti (shafti kuu inayozunguka ndani ya injini) huipiga hadi itoe povu, na povu halilainishi vyuma. Hilo ndilo kosa ninaloliogopa zaidi.

Lakini oili ya moto hutanuka. Lita 4 zikipata joto la kazi huongezeka kwa takriban lita 0.2, na vitabu vingi vya Toyota huagiza upime injini ikiwa imepata moto, ukisubiri zaidi ya dakika 5 baada ya kuizima. Hapo unasoma kama mtengenezaji alivyokusudia. Gharama ni tambara tu kwa njia zote mbili.

Gari likilala kwenye mteremko, kipimo cha asubuhi kitakudanganya; pimia kwenye kituo cha mafuta, penye sakafu tambarare. Likilala pasawa na ukitoka alfajiri, pima kabla ya kuwasha. Dereva wa teksi asiyezima gari mchana kutwa, asubuhi ndiyo nafasi yake. Gari linalokula oili lipimwe kila wiki, saa ileile, ulinganishe.