Mpira wa Kwanza wa Bolingi: Upi Uununue Sasa na Upi Usubiri

Mipira inayopangwa kwenye rafu za kumbi za bolingi, mchezo wa kuvingirisha mpira mzito ili kuangusha pini kumi, hutobolewa ili iweze kushikwa na yeyote atakayeingia, na kwa sababu hiyohiyo haimkai mtu yeyote sawasawa mkononi. Tundu la kidole gumba huwa pana mno, mchezaji akalazimika kuubana mpira usimponyoke, na mkono unaobana hushindwa kuuachia kwa wakati wake. Hiyo ndiyo sababu kubwa ya anayeanza kununua mpira wake mwenyewe, nami ninamsihi asianze kwa kutazama rangi wala nembo, bali atafute kwanza fundi atakayempima mkono na kuutoboa mpira kwa kufuata vipimo hivyo. Aina nne nilizozipanga hapa chini zinafuatana kwa kadiri zinavyomfaa anayeanza, lakini mpangilio huo una maana tu ikiwa matundu yametobolewa kwa ajili ya mkono wake.

Uzito huamuliwa kabla ya aina. Kanuni hazikubali mpira unaozidi ratili 16, yaani kilo 7.26 hivi, na kwa kuwa kipenyo cha mipira yote hukaribia sentimita 21.7, mpira mwepesi si mdogo kuliko mzito. Ushauri uliozoeleka ni kuchukua sehemu moja ya kumi ya uzito wa mwili. Kwa kuanzia si mbaya, ila hauzingatii nguvu za bega, uzima wa kifundo cha mkono wala umri. Kipimo ninachokiamini zaidi ni kwamba mpira unaokufaa ni ule unaoweza kuubembeza kutoka nyuma hadi mbele bila bega kuvutwa chini, na ambao katika mchezo wa tatu bado unaurusha kwa mwendo uleule wa mchezo wa kwanza. Watu wazima wengi wanaoanza hutoshewa na mpira wa ratili 12 hadi 14, yaani kilo 5.4 hadi 6.4. Ni kweli kwamba mpira mzito hauyumbi sana unapozigonga pini, ambazo kila moja ina uzito wa kilo 1.5 au zaidi kidogo, lakini faida hiyo hupotea pindi mkono unapochoka. Aidha, mpira uliotobolewa vizuri huonekana mwepesi mkononi kuliko wa ukumbini wenye uzito uleule, kwa hiyo usishangae fundi akikushauri uongeze ratili moja.

Fundi atakuuliza pia unataka kushika mpira kwa namna gani. Katika mshiko wa kawaida, kidole cha kati na kidole cha pete huingia hadi kwenye kiungo cha pili. Katika mshiko wa ncha za vidole huingia hadi kiungo cha kwanza tu, gumba likatangulia kutoka na vidole viwili vikabaki kwa muda mfupi vikiuzungusha mpira. Mshiko huu wa pili huonekana mgeni kwa majuma machache, lakini kwa mtu anayekusudia kucheza kila juma ninaupendekeza tangu mwanzo, maana kuuhamia baadaye ni kujifunza upya pamoja na kulipia matundu mapya. Anayerusha kwa mikono miwili bila kutumia gumba aseme mapema kabla keekee haijagusa mpira: kwa kanuni za USBC, chama cha bolingi cha Marekani, zilizoanza kutumika Agosti 2020, matundu ya kusawazisha uzito yalipigwa marufuku, na tundu lisilotumika kushikia mpira halikubaliki katika mashindano yake.

Nafasi ya kwanza ninaupa mpira wa rezini tendaji wa daraja la chini, yaani plastiki inayonyonya mafuta, wenye gamba lililong'arishwa na kiini linganifu (kiini ni kipande kizito kilichomo ndani ya mpira). Ili kuelewa sababu, ni lazima kuitazama njia yenyewe ambayo mpira hupita. Kutoka mstari wa kurushia hadi pini ya mbele ni mita 18.29, na katika kumbi nyingi takribani mita 12 za mwanzo hupakwa mafuta, mazito katikati na mepesi pembeni. Mpira huteleza juu ya mafuta, kisha ukifika penye ukavu hushika mbao na kupinda. Gamba la rezini tendaji hunyonya mafuta na kushika vizuri pale penye ukavu, ndipo mpira ukaingia kati ya pini ya mbele na jirani yake kwa mshazari. Mshazari wa kama nyuzi 6 ndio unaoleta straiki, yaani kuangusha pini zote kwa mpira mmoja, kwa urahisi zaidi, na mpira unaokwenda moja kwa moja hauwezi kuufikia, kwa sababu njia ina upana wa mita 1.05 tu. Mpira wa daraja la chini hupinda kwa kiasi kinachoweza kutabirika, kwa hiyo ukikosea utajua kwamba kosa limetoka kwenye mkono. Gharama yake ni matunzo: ufute mafuta kwa kitambaa kila unaporudi, na uusafishe kwa dawa yake kila umalizapo kucheza, la sivyo gamba litashiba mafuta na kuacha kushika.

Nafasi ya pili ni ya poliesta, ambayo wengi huiita plastiki tu. Haisumbuliwi na mafuta, huenda karibu moja kwa moja, hudumu miaka mingi na haidai matunzo makubwa. Anayecheza mara chache kwa mwaka anunue huu na asitazame mwingine. Mtoto ambaye mkono wake bado unakua pia aanzie hapa. Nimeuweka wa pili kwa sababu moja tu, kwamba mchezaji anayejifunza kupindisha mpira atauzidi haraka. Hata hivyo hautapotea bure, kwani baadaye utakuwa mpira wake wa kumalizia speya, yaani kuangusha kwa mpira wa pili pini zilizobaki, hasa pini ya pembeni iliyosimama peke yake.

Yurethani, aina nyingine ya plastiki, ninaiweka ya tatu. Iliingia mchezoni mwanzoni mwa miaka ya 1980, takribani mwongo mmoja kabla ya rezini tendaji, na bado ina wapenzi miongoni mwa wachezaji stadi kwa kuwa hupinda mapema na polepole bila ghafla. Stadi huyo ana mzunguko wa mkono unaoufanya mpira ubaki na nguvu hadi mwisho. Anayeanza bado hana.

Wa mwisho ni mpira wa rezini wenye kiini kisicholinganifu na gamba lililopigwa msasa mkali, ule ambao mara nyingi husifiwa kuliko yote dukani. Umeundwa kwa ajili ya njia zenye mafuta mengi. Kwenye njia ya kawaida hupinda mapema mno na kuzifikia pini ukiwa umechoka. Kwenye karatasi ya vipimo utautambua kwa tofauti ya viwango vya mzunguko wa kiini (huandikwa "RG differential") inayokaribia 0.060, ambao ndio ukomo wa kanuni. Kwa mpira wa kwanza mimi ningetafuta 0.040 au chini yake.

Mpira uliotumika unaweza kukufaa sana, mradi uukague. Pitisha ukucha kati ya matundu na kuyazunguka ukitafuta nyufa, kisha uliza ulihifadhiwa wapi, kwa maana joto la ndani ya gari lililoachwa juani huweza kuupasua mpira. Kabla ya kukubali bei, jumlisha pia malipo ya kuziba matundu ya zamani na kutoboa mapya.

Mpira ukishakuwa wako, cheza nao michezo kadhaa kisha urudi kwa fundi, kwa sababu gumba huvimba na kunywea na tundu lake mara nyingi huhitaji kusuguliwa kidogo au kubandikwa utepe ndani. Fundi mzuri hulitarajia hilo, kwa hiyo uliza kabla ya kulipa kama marekebisho hayo yamo katika bei.