Dawati la ajira kwa waomba hifadhi: nyota nne

Nilifika na bahasha iliyochakaa: barua ya ombi langu la hifadhi, cheti cha ufundi umeme na picha mbili. Dada wa mapokezi hakuniuliza kwa nini nilikimbia. Aliuliza, "Kaka, unajua kufanya kazi gani?" Swali hilo sikuwa nimelisikia tangu nivuke mpaka.

Mshauri hakuzungusha maneno. Mkataba wa Wakimbizi wa 1951, ibara ya 17, unazungumzia kazi za ujira kwa mkimbizi, lakini mimi bado ni mwombaji tu, kwa hiyo kinachonihusu kwanza ni sheria ya nchi niliyopo na tarehe niliyowasilisha ombi. Tarehe ile akaizungushia wino mwekundu, pembeni akaandika siku ya kurudi kuomba kibali cha kazi.

Kasoro zipo. Foleni ndefu, mkalimani alichelewa mpaka nikatafsiriwa na jirani yangu wa benchi. Na ile semina ya kuandika wasifu, jamani, wasifu wa kumpelekea nani wakati kibali hakijatoka? Ila cheti changu walikitafsiri mstari kwa mstari, hadi maandishi ya kwenye muhuri uliofifia.