Darasa la yoga la waliovuka hamsini: nyota nne kutoka kwangu

Baada ya kustaafu nilijiunga na darasa moja la Jumamosi asubuhi hapa Upanga, Dar es Salaam. Ni la waliovuka hamsini, na mimi sitini nimeshaipita. Kipindi ni dakika 90: mikao kwanza, karibu saa nzima, halafu mazoezi ya pumzi, halafu kukaa kimya na kutafakari kwa dakika 20.

Mpangilio huo ndio ulionifanya nibaki. Wenzangu wa rika langu hupenda kusema ukizeeka achana na kujikunja, baki na kutafakari tu. Sikubaliani nao hata kidogo. Hebu kaa chini na nyonga zilizokakamaa uone: punde tu mguu umekufa ganzi, kiuno kinauma, na kuanzia hapo unachotafakari ni kiuno. Katika hatua nane za yoga ya Patanjali, mwanazuoni wa kale wa India, mikao ni ya tatu na kutafakari ni ya saba, na mtu mwenye magoti yangu haulizi kwa nini. (Tunaoswali tunajua, kikao cha tahiyatu ndicho magoti hukilalamikia kwanza.)

Mwalimu ni kijana, lakini kazi anaijua. "Mama, hapo utaumia," aliniambia siku za mwanzo, akakunja blanketi nene na kuniwekea chini ya makalio mpaka magoti yakashuka kuliko nyonga. Mgongo ukanyooka wenyewe, bila kujikaza. Asiyeweza kukaa chini hupewa kiti cha plastiki, nyayo zote mbili zikanyage sakafu, asiegemee. Na kiti chenyewe hukiweka miguu yote minne juu ya mkeka, maana vigae vya ukumbi ule vinateleza. Mkao wa mti, ule wa kusimama kwa mguu mmoja, tunaufanya kando ya ukuta, ncha za vidole zikigusa tu. Ukizoea, anakuambia upunguze vidole. Aliyeeneza matumizi ya viti, mikanda na tofali katika yoga ni B.K.S. Iyengar wa Pune, India, aliyefariki mwaka 2014 akiwa na miaka 95, kwa hiyo wanaocheka kwamba ni vitu vya wavivu siwajibu.

Kasoro zipo. Hatuanzi kwa wakati. Saa mbili ikifika bado watu wanaamkiana, shikamoo haziishi, na muda unaoliwa siku zote ni ule wa mwisho, wa kutafakari. Kuna Jumamosi tumekaa kimya muda wa kunywa kikombe cha chai, basi. Nimemwambia mwalimu, akajibu, "Sawa mama, nitarekebisha." Nasubiri.

Kubwa zaidi ni walimu wa zamu. Mmoja alituambia tubane pumzi bila kumuuliza mtu yeyote hali yake. Mimi nina presha, nikaendelea kupumua kama kawaida yangu. Mwenye presha, ya damu au ya macho, asikubali kubana pumzi kwa nguvu wala kusimama kwa kichwa kwa sababu tu darasa zima linafanya. Sema mapema, hata kama hujaulizwa.

Msidhani Jumamosi peke yake inatosha. Shirika la Afya Duniani linawashauri wenye miaka 65 na zaidi wafanye mazoezi ya nguvu na ya kutoyumba siku tatu au zaidi kwa wiki. Mimi nyumbani nafanya mti nikiwa nimeshika sinki la jikoni, kisha nakaa kimya baada ya alfajiri kabla wajukuu hawajaamka. Nikibanwa na muda, nafupisha kukaa, kusimama sikufupishi, maana kukaa kimya nitaweza hata nikiwa na themanini.

Ada ni shilingi 15,000 kwa kipindi, unalipa ukifika. Nendeni na mkeka wenu, ile ya kuazima inanuka miguu.