Skrini ya inchi 27 baada ya miezi mitatu mezani kwangu, Arusha

Skrini niliyoinunua katika duka moja la Barabara ya Sokoine ina inchi 27 na pikseli (nukta ndogo zinazounda picha) 2560 kwa 1440, na baada ya miezi mitatu ya kuitumia kwa hesabu za ofisi mchana na gemu usiku, naona nilichagua vyema. Ile ya awali, yenye ukubwa uleule lakini pikseli 1920 kwa 1080, ilikuwa na takriban pikseli 82 tu kwa kila inchi, hivyo kingo za herufi kwenye majedwali zilionekana kama zimemeguka. Hii ina 109 hivi, na hata tarakimu ndogo huzisoma bila kuinama. Muuzaji alinisukumia ya 3840 kwa 2160, ambayo ingeilazimisha kadi yangu ya michoro, tena ya mtumba, kuchora pikseli zaidi ya mara mbili katika kila picha. Gemu za mpira zingekwamakwama. Lawama yangu ni waya wa zamani wa HDMI, wa kupeleka picha kutoka kompyuta hadi skrini, alionifungia, ulioizuia skrini kuvuka hezi 60, yaani picha 60 kwa sekunde, ilhali uwezo wake ni 144. Nilipoweka wa DisplayPort, aina nyingine ya waya wa picha, na kubadili mpangilio kwenye kompyuta, mpira ukaanza kuteleza bila kuburuta kivuli.