Nyama ya Kuoka, Pudingi na Bia ya Pipa: Tathmini ya Mlo wa Jumapili Wensleydale

Anayetaka kuhukumu chakula cha asili cha Uingereza asianzie kwenye hoteli za London. Aende kijijini siku ya Jumapili, aingie katika baa yenye kuta za mawe na moto wa kuni, aagize nyama ya ng'ombe ya kuoka pamoja na vyote vinavyoandamana nayo. Nilifanya hivyo mara mbili katika baa moja ya bonde la Wensleydale, kaskazini mwa Yorkshire, na mara zote mbili niliagiza sahani ileile kwa bei ileile ya pauni 19. Ya kwanza ilikuwa miongoni mwa milo bora niliyokula nchini humo. Ya pili sikuimaliza. Mpishi alikuwa yuleyule. Kilichobadilika ni kwamba safari ya kwanza nilifika saa sita na nusu mchana, na ya pili saa tisa na nusu alasiri.

Mgeni asikae mezani akisubiri kuhudumiwa, kwa kuwa katika baa nyingi za aina hii mteja huenda mwenyewe kaunta, akaagiza, akalipa na kupewa namba ya meza. Siku ile ya kwanza sahani ilifika ikitoa mvuke: vipande vitatu vipana vya nyama, vyekundu kidogo katikati, viazi vilivyookwa katika mafuta ya ng'ombe hadi ganda likawa linavunjika kwa sauti, karoti, kabichi iliyopikwa kidogo tu, na jagi dogo la mchuzi mzito uliotokana na masalio ya nyama kwenye sinia ya kuokea. Hapakuwa na bizari wala pilipili. Wengi huishia hapo na kusema kwamba Waingereza hawajui viungo, nami nadhani wanakosea, kwa sababu ukali wa chakula hiki haupikwi jikoni bali huongezwa na mlaji mwenyewe mezani. Palikuwa na haradali ya Kiingereza, ambayo ni kali kuliko ile ya Ufaransa, na mchuzi mweupe wa mzizi uliokunwa uitwao horseradish, ambao haukuunguzi ulimi bali hupanda puani na kukutoa machozi. Nilipaka kidogo kwenye kila kipande, na ladha ya nyama ikazidi kujitokeza.

Hata hivyo, aliyestahili sifa kubwa zaidi alikuwa aliyepika pudingi ya Yorkshire. Jina lisimpotoshe msomaji, kwani hiki si kitamutamu cha kumalizia mlo. Ni rojo jepesi la unga wa ngano, mayai na maziwa linalomiminwa katika mafuta yaliyopata moto hadi yakafuka moshi, kisha likaingizwa katika oveni kali. Mvuke hulifutusha, kingo hupanda na kukauka, na katikati hubaki bonde laini la kukingia mchuzi. Hannah Glasse alieleza namna ya kuipika katika kitabu chake cha upishi cha mwaka 1747, enzi ambazo nyama iliokwa mbele ya moto na chombo cha rojo kikawekwa chini yake ili kipokee mafuta yanayodondoka. Katika nyumba za Yorkshire ilizoeleka kuila kwanza, peke yake na mchuzi, ili watu washibe kabla ya kuifikia nyama, ambayo ndiyo iliyokuwa ghali. Mwaka 2008 wanakemia wa Royal Society of Chemistry walijitosa katika jambo hili na kutangaza kwamba pudingi isiyofikia kimo cha inchi 4 haistahili kuitwa ya Yorkshire. Sikuwa na rula, lakini yangu ilisimama juu kuliko bilauri ya maji, na nilipoibonyeza kwa uma ilivunjika kingo ikanywea katikati, kama inavyotakiwa.

Kuhusu kinywaji, baa hiyo huuza bia ya pipa, ile ambayo inaendelea kuchachuka ndani ya pipa lilelile itakamotolewa, haisukumwi kwa gesi, na huvutwa kwa pampu ya mkono kutoka ghala lililo chini ya sakafu. Nusura bia ya namna hii itoweke mbele ya bia za viwandani zenye gesi nyingi, na wanywaji waliokataa hali hiyo wakaanzisha chama cha CAMRA mwaka 1971 ili kuitetea. Wageni hulalamika kwamba ni ya vuguvugu. Si kweli: ikihifadhiwa vizuri hutolewa katika nyuzi 11 hadi 13 za Selsiasi, baridi ya kutosha kuburudisha lakini isiyoufisha ulimi, na ndiyo maana nilihisi uchungu wa hopsi, yaani maua yanayotiwa katika bia, na utamu wa shayiri kila kimoja kwa zamu yake. Bilauri ya painti moja ina mililita 568, kiasi kikubwa kwa asiyezoea, na hakuna anayekucheka ukiomba nusu. Asiyetumia kilevi aombe bia ya tangawizi, ambayo pamoja na jina lake kwa kawaida haina kilevi na huipokea nyama vizuri sana.

Sasa nieleze mara ya pili. Nyama ilikuwa imekatwa mapema na kuwekwa chini ya taa ya joto, hivyo wekundu wote ulikuwa umegeuka kijivu. Viazi vilikuwa vimepoteza ganda, mchuzi ulikuwa umefanya utando juu, na pudingi ilikuwa imenywea na kuwa ngumu kama soli. Mbwa wa meza ya jirani, maana baa nyingi za huko huruhusu mbwa, alinitazama kwa matumaini makubwa. Katika mapishi yenye viungo vingi, chakula kilicholala huweza kuokolewa na mchuzi wake. Katika mapishi haya hakuna pa kuficha kasoro. Nilipolalamika, mhudumu hakubisha, akaniambia kwa upole kwamba Jumapili oveni huzimwa saa nane.

Vitamutamu viliniliwaza. Pudingi ya tende, iliyomwagiwa mchuzi moto wa siagi, malai na sukari ya kahawia, ilikuwa tamu kupita kiasi kwa kinywa changu, ingawa ilifurahisha kukuta tende zimekuwa kitu cha nyumbani katika nchi isiyoota mtende. Nilichokipenda zaidi ni jibini la bonde hilohilo, jeupe, lenye kumeguka na uchachu mdogo, likiliwa pamoja na keki nzito ya zabibu kavu kama wafanyavyo watu wa Yorkshire. Watawa wa Kifaransa ndio wanaotajwa kuwa waanzilishi wa jibini hilo katika karne ya 12, wakitumia maziwa ya kondoo. Leo hutengenezwa zaidi kwa maziwa ya ng'ombe. Lilikuwa zuri saa saba, na saa kumi lilikuwa zuri vilevile.

Anayepanga kwenda apige simu siku kadhaa kabla, kwa kuwa meza hujaa, na aombe ya saa sita kamili. Akiambiwa kwamba zimebaki za alasiri tu, aagize jibini na keki, nusu ya painti, na asubiri Jumapili nyingine kwa ajili ya nyama.